Mabaka ya Bugondo

Umeme ukikatika hapa Kayanga, jirani yangu huwasha koroboi. Taa za sola zimejaa madukani na wajukuu wake wana simu zenye tochi, lakini bibi huyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Umeme ukirudi anaizima kwa kuipuliza, na harufu ya utambi na masizi inapita dirishani kwangu. Si harufu nzuri, sitadanganya. Inakwaruza koo. Ila mimi huacha chochote ninachofanya nikaivuta mpaka iishe, kwa sababu ndiyo harufu ya Jumamosi, ya chumba cha chekechea kule Nyaishozi, na ya wino.

Wino tulikuwa tunautengeneza wenyewe. Ule wa dukani uliletwa kutoka Bukoba katika vichupa vidogo na Mwalimu wetu wa kuchora aliufungia kabatini kama dawa ya sumu. Sisi tulishika kifuniko cha sufuria juu ya koroboi mpaka kikawa cheusi, tukakwangua masizi, tukayasaga na gundi ya mgunga iliyolowekwa kwenye maji ya moto. Watoto wa Nyaishozi walileta masizi. Gundi nililetewa mimi kutoka nyumbani, vidonge vya rangi ya asali, kwa kuwa kwetu migunga ipo. Wino ule ukigusa nguo umehamia. Lakini mtoto wa Kagera hashangazwi na hilo. Utomvu wa mgomba umeshamfundisha tangu akiwa mgongoni kwamba kuna uchafu unaotoka na kuna uchafu unaoishi nao.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa na mfanyabiashara wa maharage pale Nyaishozi barabarani. Kwetu hasa ni upande wa Kyerwa, kupita Songambele, migomba inapoishia na nyasi zinapoanza. Baba alikuwa mfugaji. Sisemi alikuwa na ng'ombe wangapi kwa sababu kwetu hawahesabiwi. Aliyewahi kumuuliza baba swali hilo aliulizwa yeye kama kwao mvua imeshanyesha. Shule ilikuwa mbali na nyumbani, ndiyo maana nikapelekwa kwa shangazi. Mama nilimkumbuka, ila Bugondo nilimkumbuka zaidi. Mama analijua hilo na hajawahi kulikasirikia.

Bugondo alikuwa ng'ombe wangu. Jina hilo hupewa ng'ombe wa mabaka, na yeye alikuwa nayo ya kahawia kwenye weupe, kuanzia shingoni hadi mkiani. Alizaa ndama wake wa kwanza siku zile zile nilizozaliwa mimi, baba akasema maziwa yake ni ya mtoto. Nimekua kwa maziwa hayo. Pembe zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba nikiwa mdogo niliamini ndizo zinazoshikilia mawingu yasishuke.

Mwalimu Rutashobya alikuwa mtu wa Muleba, Mlutheri katikati yetu Wakatoliki, jambo lililompa shangazi kazi ya kumwombea. Alishawahi kuchora katuni za magazeti huko Dar es Salaam, kisha akarudi Kagera kufundisha hisabati. Kwa nini alirudi hakuna aliyejua, na shangazi alikuwa na majibu tofauti kutegemea anaongea na nani. Jumamosi asubuhi aliomba chumba cha chekechea na kutufundisha kuchora hadithi za picha, bure, sisi tuliotaka. Tulikaa kwenye viti vya watoto wadogo, magoti yamefika kidevuni.

Hakuanza na picha. Alianza na mistari. Tulichonga kalamu za matete, tukachovya, tukapiga mistari iliyolala, iliyosimama, iliyokatana ya kutia kivuli, ukurasa baada ya ukurasa. "Chovya, gusa mdomo wa chupa, pumua nje, vuta," alisema akipita nyuma yetu. "Vuta kwa mkono mzima, usivute kwa kidole. Kidole kinatetemeka, mkono una akili." Aliyeiva alikabidhiwa nibu ya chuma kutoka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Siku nilipopewa yangu nililala nayo chini ya mto, ikatoboa shuka, na shangazi akaongeza hilo kwenye orodha ya makosa ya Walutheri.

Visanduku alivieleza hivi: "Kila kisanduku ni kope moja. Unafumba, unafumbua, mambo yamesogea." Hilo nililielewa mara moja. Ambalo sikulielewa, au sikulitaka, ni lile alilonigombeza nalo kila wiki. "Huyu mtu wako wa kisanduku cha kwanza amekwenda wapi? Huyu wa pili ni mdogo wake? Na huyu wa tatu je, ni mjomba?" Watu wangu walikuwa wakibadilika sura kutoka kisanduku hadi kisanduku, pua inarefuka, kichwa kinapungua. Kwangu mimi, kama umeshaandika jina juu ya kichwa, msomaji ajisaidie.

Tuligombana pia juu ya pembe. Nilikuwa nachora ng'ombe kwanza, kisanduku baadaye, na pembe zilitokeza nje ya mstari. Mwalimu akaniambia nizikate ziishie ndani. Nikamwambia ng'ombe hakatwi pembe. Akacheka mpaka akakohoa, akasema haya, watu wa ng'ombe mna sheria zenu, ziache zitoke.

Basi wiki moja wino ulimwagika kwenye sare yangu ya shule, blauzi nyeupe, kifuani. Shangazi aliisugua kwa majivu, akaisugua kwa limao, akaitupa kwenye beseni. "Nitamwambia baba yako," akasema. "Umeletwa hapa kusoma, siyo kujipaka masizi." Siku iliyofuata simu yake ililia. Akatoka nayo nje, akasimama nyuma ya banda la kuku na kuongea Runyambo kwa sauti ya chini, sauti ambayo shangazi hakuwa nayo siku za kawaida. Nilijisogeza dirishani. Nikamsikia akisema, "Hapana, usimtume mtu. Huyu mtoto si wa kuambiwa kwenye simu. Njoo wewe mwenyewe." Kisha akasema, "Jumamosi basi," akafuta uso kwa kanga.

Nikajumlisha moja na moja. Blauzi, simu, baba anakuja mwenyewe. Baba, ambaye hakuwahi kuacha ng'ombe zake kwa ajili ya ubatizo wala harusi, anakuja Nyaishozi kwa ajili yangu. Maana yake ilikuwa moja tu: nimeachishwa kuchora, na huenda shule pia, narudishwa nyumbani. Usiku ule na siku zilizofuata sikula vizuri. Shangazi alinipakulia ndizi na maharage akaniangalia kwa huruma, wala hakunigombeza juu ya lolote, na hiyo ndiyo iliyonithibitishia kwamba mambo yameharibika. Nilikuwa na hofu kubwa. Kuchora kulikuwa kitu changu cha kwanza ambacho sikukirithi kwa mtu.

Nikaamua kumtengenezea ukurasa. Mtu wa ng'ombe humshindi kwa maneno, utamshinda kwa ng'ombe. Nikachagua kisa ambacho baba mwenyewe alikipenda na alikuwa akikisimulia kila mgeni akija. Nikiwa mdogo sana nilifuata ndama hadi malishoni, nikalala kwenye nyasi ndefu, na mvua ikanyesha. Jioni ng'ombe wakarudi, Bugondo hakurudi. Baba akaenda kumtafuta ng'ombe, hakujua kwamba anatafuta na mtoto. Aliona pembe juu ya nyasi. Alipofika akamkuta Bugondo amesimama, nami nipo chini ya tumbo lake, nimelala, sijalowa hata nywele. Visanduku sita: ng'ombe wanatoka, mimi nalala, mvua inanyesha, baba anatafuta, baba anaona pembe na kutukuta, tunarudi nyumbani.

Jumamosi ile nilikuwa nimemaliza kuchora yote kwa penseli na ndiyo kwanza nachovya nibu, pikipiki ikasimama nje. Baba akaingia na buti zake za mpira, koti, fimbo, na kibuyu cha maziwa mkononi. Shangazi alikuwa nyuma yake, akabaki mlangoni. Tukasimama wote, "Shikamoo baba!" Mwalimu akampa mkono.

"Marahaba, wanangu," baba akasema. "Mwalimu, unisamehe kukukatisha. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Nina jambo."

Sikumwachia nafasi. Nikamwekea karatasi mbele, nikamwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Tata, tazama kwanza hii. Tazama halafu ndiyo useme."

Baba akavua kofia. Akainamia karatasi.

"Hawa ni ng'ombe wa nani?"

"Ni Bugondo, Tata."

"Wote?"

"Wote ni yeye."

Akatikisa kichwa. Hakunyoosha kidole, kwa sababu ng'ombe hanyooshewi kidole. Alifungua kiganja chote na kukipitisha juu ya karatasi. "Huyu ni Bugondo. Huyu siye, baka la begani limehamia kushoto. Huyu anaweza kuwa binti yake. Huyu hapa simjui kabisa, huyu ni ng'ombe wa watu, ameingia zizini kwangu kwa makosa."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu naye alifurahi kupata shahidi. "Mzee, ndilo ninalomwambia kila wiki!" Akavuta kiti, akamwonyesha baba jinsi ya kusoma, kutoka kushoto kwenda kulia, kope moja hadi nyingine. Baba alifuata kwa kiganja. Alipofika kwenye kile cha mvua akasimama.

"Kwa hiyo ni siku ile."

"Ndiyo, Tata. Ile uliyoniona kwa pembe."

Baba akakaa. Alikalia kiti cha chekechea, magoti yakapanda juu kama panzi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Shangazi akasema kutoka mlangoni, kwa Runyambo, "Mwambie basi."

"Ngoja kwanza amrekebishe," baba akasema. "Hawezi kubaki hivi."

Nikachukua kifutio. Baba akafumba macho na kuanza kutaja. Baka la shingoni linaanzia nyuma ya sikio, linashuka, linagawanyika juu ya bega la kulia kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Pajani kuna duara, ndani ya duara kuna weupe kidogo. Sikio moja lina mkato, alipochomwa na mwiba akiwa ndama. Ncha ya mkia nyeupe. Nilichora, alifumbua macho, akatazama, akasema bado, nikafuta, nikachora tena. Kisanduku hadi kisanduku. Sauti yake ilikuwa imekauka, nikadhani ni vumbi la njiani. Shangazi mlangoni alikuwa anafuta macho, nikadhani ananionea huruma mimi. Nilikuwa katika mtihani, na nilikuwa nimedhamiria kufaulu.

Tulipofika mwisho baba akamuuliza Mwalimu, "Hii inafutika?"

"Penseli inafutika, mzee. Wino haufutiki."

"Basi aweke wino."

Nikaweka. Chovya, gusa mdomo wa chupa, pumua nje, vuta. Baba hakuinuka. Katika kisanduku cha tano nilisahau kugusa mdomo wa chupa na tone likaanguka juu ya mguu wa Bugondo, baka ambalo hajawahi kuwa nalo. Nikamtazama baba nikijua nimekwisha.

"Liache," akasema. "Siku ile kulikuwa na tope."

Alisubiri hadi wino ukakauka. Alimshukuru Mwalimu, akamwachia shangazi kibuyu, akaniwekea mkononi kidonge cha gundi ya mgunga. Mwalimu akamkumbusha, "Mzee, ulisema una jambo."

Baba akavaa kofia. "Litangoja likizo," akasema, akapanda pikipiki.

Nilishangilia. Sina neno lingine. Niliruka kwenye kile chumba mpaka Mwalimu akaokoa chupa za wino. Nilikuwa nimemshinda baba kwa ng'ombe wake mwenyewe, na wiki nzima niliwatambia watoto wa shangazi. Kitu kimoja tu kilinisumbua kidogo. Jioni ile shangazi alinimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu, nikaonja, nikamwambia, "Haya si ya Bugondo." Shangazi akasema, "Kunywa, mwanangu." Nikanywa.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na ule ukurasa, umeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilifika mchana, nikamsalimia mama, nikaenda kukaa juu ya uzio wa zizi kungoja ng'ombe warudi. Walirudi na vumbi lao. Waliingia mmoja mmoja, nami nilimtambua kila mmoja. Aliingia binti yake Bugondo. Waliingia ndama. Kijana wa kuchunga akafunga lango kwa miti, na mimi bado nilikuwa nimekaa juu ya uzio nikitazama njia.

Mama ndiye aliyeniambia. Bugondo alikuwa amezeeka, alilala ubavu asubuhi moja akashindwa kuinuka. Baba hakutaka nyama yake iliwe. Ilikuwa kabla hajaja Nyaishozi. Ndicho alichokuwa amekuja kuniambia, yeye mwenyewe, maana kwetu msiba hautumwi kwa simu kwa aliyefiwa.

Nililia kwa kelele, kwa hasira zaidi ya huzuni. Nikamfuata baba alipokuwa anakamua, nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Baba hakuacha kukamua.

"Sikukudanganya. Nilikuja na msiba, nikamkuta marehemu amesimama kwenye karatasi yako, amekukinga mvua. Sasa ningesema nini? Na mabaka yenyewe ulikuwa umeshaanza kuyasahau. Nikaona tumalize hilo kwanza." Akasogeza ndama pembeni kwa goti. "Nipe hiyo karatasi niitunze. Huko kwa shangazi yako kuna panya."

Nikampa. Aliiweka juu, darini, na ikakaa huko mimi nikisoma, nikiolewa, nikihamia hapa Kayanga. Siku hizi nachora vitabu vya watoto, kwenye kishikwambi, na nikikosea nafuta kwa kidole hadi karatasi isiyokuwepo inakuwa safi kabisa. Kila mhusika wangu anabaki yule yule kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wachapishaji hunisifu kwa hilo.

Baba amefariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Alifariki asubuhi, nyumbani, na mama hakupiga simu. Alimtuma kaka yangu aje mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Nilipomwona kaka amesimama bila kusalimia nilijua kabla hajafungua mdomo. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tulikuta moja tu, ya kitambulisho, ambayo haifanani na baba wala na mtu mwingine yeyote.

Baada ya matanga mama alikuja kukaa kwangu kidogo, akaja na ule mfuko wa plastiki. Nilikuwa sijauona ukurasa ule tangu utotoni. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, wino haujapauka hata kidogo. Bugondo yuko pale, ni yule yule katika visanduku vyote sita, jani lililochanika begani, duara pajani, sikio lenye mkato, na tope mguuni katika kile cha tano. Pembe zimetokeza nje ya mistari. Ndipo nikatazama watu. Baba yupo katika visanduku vitatu, na katika vyote vitatu ni watu tofauti. Katika kimoja ana shingo ndefu. Katika kingine ni mfupi na ana kofia ya padri. Katika cha mwisho, anaponibeba kurudi nyumbani, sikumchora uso, niliweka kivuli cha mistari iliyokatana. Alikaa pale kwenye kiti cha chekechea asubuhi nzima akinirekebishia ng'ombe, asiseme neno juu yake mwenyewe.

Nilikwenda kwa jirani na kifuniko cha sufuria. Nikamwomba awashe koroboi, ingawa umeme ulikuwepo. Aliiwasha, akasogeza kiti. Gundi mama alikuwa nayo, kwenye fundo la kanga, aliiokota siku anaondoka bila kujua ataifanyia nini.

Nikamkalisha mama karibu na dirisha, nikamwekea ule ukurasa. "Mama, tazama hawa watatu. Nani ni baba?"

Alipitisha kiganja juu ya karatasi, taratibu, kimefunguka chote. "Huyu ni katekista," akasema, na tukacheka wote wawili. "Huyu simjui. Huyu wa mwisho sijui, hana uso."

"Kwa nini yeye hakuniambia nimrekebishe?"

Mama akashangaa. "Alikuwa anamwangalia ng'ombe."

Nikachukua karatasi mpya na penseli. Wino ulikuwa tayari kwenye kichupa, unanuka ile harufu yake. Mama akafumba macho.

"Bega la kushoto," akasema, "lishushe kidogo. La kubebea fimbo."

Nikalishusha.

"Bado," mama akasema. "Kidogo tena."